Jinsi ya Kuhudhuria Semina Ishirini na Kurudi Ulivyokwenda

Mwalimu mwenzangu, nakuandikia kutoka upande huu wa Jogoo Road, Nairobi, ambako darasa lenye watoto 40 tunaliita likizo. Nimeketi katika semina, warsha na vikao vya kujengeana uwezo kwa miaka 19. Vyeti ninavyo. Vimo ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro, pamoja na kadi yangu ya ubatizo na risiti ya televisheni iliyokufa zamani. Na bado Jumatatu asubuhi mtoto akiniuliza swali ambalo kitabu hakikulitarajia, humwambia, "Kaa chini, tutafika hapo." Hatujawahi kufika. Kwa hivyo sifa za kuandika mwongozo huu ninazo zote.

Lengo letu ni wewe uendelezwe kitaaluma bila kuguswa. Usidhani ni kazi nyepesi. Binadamu ana udhaifu wa kujifunza hata asipokusudia: akimwona mwenzake anasukuma chapati ikawa duara, kesho naye utamkuta anajaribu. Udhaifu huo ndio tunaopambana nao.

Hatua ya kwanza ni kujua deni lako. Sheria ya Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) ya mwaka 2012, kifungu cha 35, inamtaka kila mwalimu aliyesajiliwa ajiendeleze, na achukue cheti cha kufundishia upya kila baada ya miaka 5. Mwaka 2021 TSC ikazindua mpango wenyewe na kuteua taasisi nne za kutunoa: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Mount Kenya, Riara na ile taasisi ya usimamizi wa elimu, KEMI. Moduli moja ilipangiwa sura 5, sura moja kwa mwaka, na kila mwaka shilingi 6,000 kutoka mfukoni mwako. Piga hesabu, hata kama unafundisha Kiswahili: moduli moja ilikuwa shilingi 30,000, na ukiimaliza unamkuta dada yake mlangoni anakungoja. Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, vililalamika kwamba anayetaka panga linolewe ndiye anunue tupa. Wewe usiingie katika siasa hizo. Kwa mwongozo wetu, jambo la kufurahisha ni kwamba unaweza kulipa, kusoma, kufaulu na kustaafu bila mtu yeyote kufungua mlango wa darasa lako aone unafanya nini humo.

Hatua ya pili: ukumbi. Fika mapema, si kwa ajili ya mafunzo bali kwa ajili ya kiti. Kiti chema kiko karibu na mlango ambao chai huingilia, nyuma ya mtu mnene, mbali na mtu mwenye bidii. Utaandikiwa jina kwenye karatasi na kubandikwa kifuani kama bei ya sufuria. Kisha mtaambiwa mtaje matarajio yenu na hofu zenu, yaandikwe kwenye manila na kubandikwa ukutani. Matarajio: "kupata ujuzi mpya." Hofu: "kumaliza jioni sana." Hofu pekee ndiyo hutimia.

Nakumbuka siku moja katika ukumbi ambao sitautaja, mada ilikuwa Kujifunza kwa Vitendo. Tulikuwa watu kama 120. Mwezeshaji, kijana mwenye suti ya buluu na maji ya chupa, alituonyesha kwa projekta slaidi 64 kuhusu ubaya wa mwalimu kusimama mbele na kuongea peke yake. Alizisoma zote, neno kwa neno. Kufikia slaidi ya 40 umeme ukapotea, naye akatuomba radhi na kuendelea kuzisoma kutoka kwenye simu. Upande wangu wa kulia alikaa mwalimu wa chekechea kutoka Dandora, mwenye watoto 90 na viti 52. Kushoto alikuwa mwalimu wa fizikia wa shule ya upili huko Buruburu. Mbele yetu mzee aliyebakiwa na miezi minne astaafu, amelala kwa heshima, mikono kifuani. Sote tulipewa dawa ile ile, dozi ile ile, kama kioski cha mtaa kinavyotoa Panadol kwa mwenye malaria na kwa mwenye mapenzi.

Wakati wa kazi za makundi, jitahidi uwe mtunza saa. Mtunza saa haandiki, hawasilishi, na ana ruhusa ya kukatiza watu. Mwandiko mzuri uufiche. Ukijulikana, utaandika manila za watu mpaka uzeeni. Mwisho wa siku utapewa fomu ya tathmini. Usiwaze. Jaza "semina ilikuwa nzuri sana, wawezeshaji walikuwa na ufahamu, siku ziongezwe." Nami nimeandika hivyo kila mara, na siku zimeongezwa.

Hatua ya tatu ni kueneza ulichopata, yaani ile mbinu ya ngazi: wataalamu wa taifa wanafunza wa kaunti, wa kaunti wanafunza wa kaunti ndogo, wa kaunti ndogo wanakufunza wewe, nawe ukawafunze wenzako wakati wa chai. Anayeishi katika maghorofa ya Pipeline anaielewa bila maelezo. Maji yanatoka tangini kwa nguvu, orofa ya kwanza wanafua, ya tatu wanajaza ndoo, na wewe wa ya saba ukifungua mfereji unasikia pumzi tu. Aprili 2019, mtaala wa umilisi ukiwa ndiyo kwanza umeingia gredi za chini, walimu waliitwa likizoni wafunzwe. KNUT ikapinga, baadhi ya vikao vikavurugwa, na waliofunzwa wakafunzwa kwa siku chache. Shuleni kwetu pumzi ilifika. Mwenzetu aliyetuwakilisha alirudi na karatasi tatu na neno moja, "rubriki," ambalo tulilitumia kwa muhula mzima kwa kila kitu, hata kwa supu ya kantini.

Hatua ya nne haipo. Iliahirishwa chai ilipofika.

Sasa tuingie kwenye hatari, maana huku ndiko walimu wengi wazuri hupotelea. Kuna mafunzo ya aina nyingine ambayo hayana ukumbi, hayana manila, na yakikushika huachwi. Nchi hii imeponea chupuchupu zaidi ya mara moja. Mwaka 1998 Wajapani wa shirika la JICA walishirikiana na wizara ya elimu kuanzisha mradi wa SMASSE kwa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Kaulimbiu ilikuwa panga, tenda, tazama, boresha. Na kama shule haina maabara, tumia chupa ya soda, mshumaa, kamba ya kiatu. Tena wakaleta ile desturi ya kwao ya walimu kupanga somo pamoja, mmoja akalifundisha wengine wakitazama nyuma, kisha wakalijadili somo badala ya kumjadili mtu. Hebu fikiria: kutazamwa! Kwa bahati njema mafunzo yalifanyika likizoni, na vikao kadhaa vikamezwa na mjadala wa posho, ugonjwa ambao sisi tuna kinga nao kidogo sana.

Tusome, ule mpango wa kufundisha watoto wadogo kusoma, ilikuwa hatari zaidi. Ilianza kwa majaribio ya PRIMR, yaliyofika hadi shule zile za mabati za mitaa ya Nairobi ambazo serikali huziita za APBET, kisha mwaka 2015 ikaenea nchi nzima. Afisa wa mtaala, yule ambaye zamani tulimwita tyuta wa TAC, alipewa tableti na kuambiwa asikae ofisini. Anaingia darasa la kwanza, anasikiliza somo zima, anawaita watoto wachache wamsomee, halafu, na hapa ndipo penye sumu, anaketi na mwalimu kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa kidevu, wanaongea juu ya dakika zile 30 zilizopita. Si juu ya elimu ya karne ya 21. Ni juu ya kwa nini yule wa dirishani hakufungua kinywa. Watoto walisoma vizuri zaidi, jambo lililotangazwa sana. Lisilotangazwa ni walimu wangapi walizoea kuulizwa swali la maana, na afisa alipokosa nauli ya kuja, wakamkumbuka.

Nami nilipatwa. Naeleza ili iwe onyo.

Jumamosi moja nilikwenda Kamukunji kumnunulia binti yangu sanduku la kwenda bweni. Ukikaribia kutoka upande wa Landhies Road, unasikia nyundo kabla ya kuona kitu. Mafundi wa bati wa hapo walikuwa wakifanya kazi juani, ndiyo jua kali yenyewe, mpaka Rais Moi alipowatembelea mwaka 1985 akaahidi kuwajengea mabanda. Fundi wangu alikuwa na kijana wa miaka kama 18 anayejifunza. Kijana anakunja pembe ya sanduku, bati linakataa, linaleta mkunjo kama uso wa mtu aliyekula limau. Fundi hakusema neno. Alichukua nyundo, akapiga mara tatu, polepole, ubavuni mwa ule mkunjo na si juu yake, akairudisha. Kijana akapiga. Fundi akatikisa kichwa: "Sikiliza bati." Kijana akapiga tena, ameinamisha sikio kama daktari. Ile sauti ya kuparaza ikaisha, ikaja moja nzito, safi. Fundi akageuka kwangu kuongea bei kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tukiwa tunabishana juu ya bei akaniuliza kazi yangu, nikamwambia, nikaongeza kwa majivuno kwamba nimetoka kwenye mafunzo wiki ileile.

"Mafunzo ya nini, mwalimu?"

"Ya kufundisha."

"Na wanafunzi walikuwa wapi?"

"Nyumbani. Ni likizo."

Akamtazama kijana wake, akatazama lile bati, akanitazama. "Sasa huyu nimfunze bila bati?"

Sikupata punguzo. Nilibeba sanduku hadi stendi nikitafuta jibu, na mpaka gari linafika Makadara sikuwa nimelipata. Ndipo kinga yangu ilipoanza kushuka.

Wiki iliyofuata, shule zikiwa zimefunguliwa, nilisikia watoto wakicheka mlango wa pili kutoka darasa langu, Gredi ya 5 Mashariki. Madarasa yetu yametenganishwa kwa plaiwudi. Ukipiga chafya huku, unaombewa heri kule. Ratiba ilisema ni hesabu. Watoto kucheka katika hesabu ni jambo la kuripotiwa, kwa hivyo nilikwenda kwa kisingizio cha kuazima dasta. Madam wa Mashariki alikuwa akifundisha akisami, somo ambalo mimi nilikuwa nimelifundisha siku iliyotangulia kwa ufasaha mkubwa, nikaacha darasa zima likiamini kwamba thumuni ni kubwa kuliko robo. Walikuwa na sababu: 8 si kubwa kuliko 4? Nilikuwa nimewaeleza mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ya juu zaidi, mbinu ambayo hata Chuo Kikuu cha Kenyatta sidhani wanaifundisha.

Madam hakuwa amechora duara lolote. Mkononi alikuwa na nusu mkate. Siyo mkate mzima uliokatwa kwa ajili ya somo. Nusu mkate wa kioski, ule ambao mwenye duka huukata na karatasi yake, kwa kuwa huku kwetu kuna asubuhi ambazo nyumba nzima hununua hivyo. "Nyumba ya kwanza wako wanne, ya pili wako wanane," alisema. "Mikate sawasawa. Mnalala wapi?" Wote wakataka nyumba ya kwanza. Mvulana mmoja akasema yeye angekwenda ya pili, maana mahali wako wanane lazima mmoja ni mgonjwa na hali. Hapo ndipo walipocheka. Kisha Madam akaandika ubaoni 1/4 na 1/8, akauliza ni nyumba zipi hizo. Hakueleza. Alingoja. Nilihesabu kimya kile: kilikuwa kirefu kuliko kimya chochote nilichowahi kukivumilia darasani. Msichana wa nyuma akasema, "Ile namba ya chini ni watu." Basi.

Ile namba ya chini ni watu! Miaka 19, na hakuna slaidi iliyowahi kuniambia hivyo. 

Kosa langu kubwa, ambalo nakusihi usilirudie, ni kumwomba Madam aje aketi darasani kwangu. Alikuja Alhamisi, akajibana kwenye dawati la nyuma. Watoto waliingiwa na wasiwasi; mmoja alimuuliza kwa kunong'ona kama amefukuzwa darasa lake. Nilifundisha kwa mbwembwe zote. Nilipomaliza nikamfuata, nikitarajia sifa au walau rubriki. Alikuwa ameandika sentensi mbili kwenye daftari la mazoezi: "Umeuliza maswali 31. Umejibu mwenyewe 26."

Nilikasirika siku nzima. Nilikasirika zaidi jioni, kwenye gari la 58, nilipojikuta namuuliza makanga chenji yangu iko wapi na kujijibu mwenyewe kabla hajageuka. Wiki ya pili alihesabu tena: nilijibu 19. Ya tatu 11. Najua namba hizo zikishuka zaidi nitaanza kusikia watoto wanachofikiri, na hapo ratiba itanipungukia.

Naye Madam hakusalimika. Hesabu anaziweza, lakini insha za watoto wake zilikuwa zikimtoa machozi. Zote zilianza asubuhi na mapema, jua likichomoza na ndege wakimwimbia Mola. Nilimwambia ndege mkubwa anayeonekana huku kwetu ni korongo wa jaani, na huyo haimbi. Sikumpa nukuu zozote. Tuliingia darasani pamoja, nikawaambia watoto wafunge vitabu, wanyamaze dakika tano, waandike wanachosikia, si wanachoona, na wasiandike kitu ambacho hakipo. Mmoja aliandika makanga anayeita Umoja Inna Core. Mwingine nyundo, mwingine adhana, mwingine kuku wa mwalimu mkuu. Msichana mmoja, wa tatu kutoka mlangoni, aliandika: "Mtu anakaanga vitunguu. Nyumbani hatujawasha jiko tangu jana." Madam alisoma, akakunja ile karatasi mara mbili, akaenda nje kidogo. Aliporudi, hakuuliza tena namna ya kufundisha insha.

Ukiona dalili hizi shuleni kwako, chukua hatua mapema. Dalili ya kwanza, walimu wawili wanabishana kuhusu mtoto mmoja, kwa jina lake, bila kumsema mzazi wake. Dalili nyingine, mtu anauliza "wewe hufanyaje hapo?" na mwenzake anaondoka kitini kwenda kumwonyesha. Dawa ya haraka ni kuwatungia fomu. Kila mwalimu akimtembelea mwenzake ajaze nakala tatu, apige muhuri, apakie mtandaoni kabla ya Ijumaa. Wataacha wenyewe. Ikishindikana, itisha semina ya siku mbili juu ya kutembeleana, ukumbini, na madarasa yabaki na viranja.

Mimi nimeshachelewa. Sasa tuko wanne. Mwalimu wa Gredi ya 3, aliyeajiriwa juzi, ndiye anayetufundisha namna ya kutumia simu kurekodi watoto wakisoma. Mzee wa Gredi ya 6, ambaye tulidhani anangoja pensheni tu, anajua kunyamazisha watoto 85 kwa kushusha sauti badala ya kuipandisha, na alipotuonyesha tulimwona akiona haya kidogo, kama mtu aliyeombwa kuimba. Hakuna anayehitaji kitu kile kile. Tunakutana Jumatano baada ya kengele, dakika 40, chai kila mtu na yake. Mandazi hununua yule ambaye somo lake lilikwenda vibaya zaidi wiki hiyo, kwa hivyo sasa watu hukimbilia kusema masomo yao yaliharibika vipi, jambo ambalo katika semina 20 sijaliona.

Mwezi jana nililetewa fomu ya kueleza mafunzo niliyopata muhula huu. Mada: nikaandika namba ya chini. Saa: kama 14. Mwezeshaji: watatu, hawajalipwa. Kwenye sehemu ya mahali pa mafunzo kulikuwa na visanduku vya kuchagua: hoteli, chuo, ukumbi, mtandaoni, kwingine. Nikatia alama kwenye kwingine, na kwenye ule mstari wa kufafanua nikaandika: mlango wa pili, kushoto.